Machozi ya Mkimbizi Hayalipi Nauli

Wasee, kuna jambo limenikaa kooni na leo nalitoa lote. Kama uko na chai, keti. Kama uko kwenye mathree, soma mos mos, hakuna haraka.

Kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia, simu yangu hujaa mabango. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na hapa Nairobi kila mtu mwenye ukumbi na maiki mbili hukumbuka ghafla kwamba tuna majirani waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Sudan Kusini na Ethiopia. Usiku wa mashairi. Maonyesho ya picha. Mchezo wa kuigiza. Mjadala na waandishi. Na bango huwa ni lile lile: mkono umeshika senyenge, ama macho ya mtoto, na chini yake nembo saba za wafadhili zimepangwa kama timu ya mpira. Majina ya wasanii ukiyatafuta utayapata kwenye kona, kwa herufi za kusomewa na sisimizi.

Niseme mapema ili mtu asinielewe vibaya: mimi nazipenda hizi hafla. Nimezihudhuria, nimezipiga vidio, nimewaleta wengi wenu huko. Sijui njia nyingine nzuri hivi ya kumfanya mtu wa Lang'ata aketi karibu na mtu wa Bukavu na wasikilizane saa mbili bila kugombana. Sisemi zifungwe. Nasema nyingi zimejengwa vibaya kuanzia msingi, na sisi watazamaji tunapiga makofi tu, kisha tunaenda kula nyama choma tukijisikia watu wazuri sana.

Madai yangu ni matatu. Walipwe. Waachwe waseme wanachotaka. Na hafla ziende wanakoishi, kwa lugha wanayoongea. Twende moja moja.

PESA KWANZA

Nina rafiki, dada wa Kikongo anayeishi Kayole. Simtaji jina, na nikifika mbele mtaelewa kwa nini. Huyu dada anaandika mashairi mpaka unasahau simu yako iko mfukoni. Aliitwa kwenye hafla moja kubwa huko Kilimani. Na mimi niliitwa, kupiga vidio.

Sasa hebu hesabu na mimi. Mpishi alilipwa. Mwenye spika alilipwa. MC alilipwa, na si kidogo. Mimi nililipwa, nusu kabla na nusu baada. Huyo dada, ambaye watu walitoa pesa ya tiketi kuja kumsikiliza, alipewa fulana, cheti, soda na sambusa mbili. Nauli ya kutoka Kayole alijilipia mwenyewe, matatu mbili kuja na mbili kurudi, na kurudi ilikuwa saa tatu usiku.

Nikamuuliza mratibu, "Huyu dada analipwa lini?" Akaniangalia kama nimemuuliza swali la Kemia. Akasema, "Yeye si mtoa huduma. Yeye ni mnufaika."

Mnufaika! Liweke hilo neno kwenye sahani ulitazame vizuri. Mtu ameandika shairi wiki tatu, amelikariri, amevuka mji mzima, amesimama mbele ya watu mia mbili akawafanya wanyamaze, halafu kwenye vitabu vya hesabu yeye ndiye aliyesaidiwa. Picha yake inaenda ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mfadhili. Sauti yake inawekwa kwenye vidio ya kuomba pesa za mwaka ujao. Na yeye amenufaika. Na nini? Sambusa?

Hao watu hawajaniita tena tangu siku hiyo. Sawa tu.

Najua kuna mtu wa ofisini atanijia na sheria: "Lakini hawa hawana kibali cha kazi." Tuongee sheria basi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema wazi kwamba mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi na biashara kwa kufuata masharti yaliyowekwa. Shida ni kwamba kibali chenyewe, kile cha daraja M, kukipata ni kupanda mlima na mzigo kichwani. Halafu kuna mambo ya simu. Kwa miaka mingi wakimbizi wamehangaika kusajili laini na M-Pesa kwa vitambulisho vyao, kwa hivyo wengi hupitisha hela kwenye laini ya rafiki Mkenya na kuomba Mungu huyo rafiki asikopee Fuliza.

Hizo ni shida za kweli. Lakini hii ndiyo Kenya ya posho, bana! Nchi ambayo mtu analipwa posho ya kukaa, ya kuja, ya kula na ya kurudi, kwa ajili ya warsha ambayo alilala tangu saa nne. Tunajua kutoa bahasha kwenye harambee, kwenye matanga, kwenye mikutano ya siasa. Bahasha ya mshairi ndiyo ikose njia? Wacheni hizo.

Wahenga walimaliza hii kesi zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huisoma hiyo methali kama kumsimanga mgeni. Mimi naisoma tofauti. Siku ya tatu mgeni anapewa jembe kwa sababu sasa ni mtu wa nyumbani, ana shamba la kulima na jasho lake linahesabika. Dadaab ilianza 1991. Kakuma ilianza 1992. Aliyezaliwa Kakuma mwaka huo leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake mwenyewe waliozaliwa hapo hapo. Siku mbili zimepita zaidi ya miaka 30 iliyopita na jembe bado tumelificha nyuma ya mlango. Halafu tunamwita stejini atuambie jinsi anavyojisikia.

TUNAAGIZA MACHOZI KAMA PIZZA

Hii ya pili inaniuma kuliko ya kwanza.

Ukikaa kwenye hizi hafla mara tano, utajua mpangilio hata kabla taa hazijazimwa. Msanii anaulizwa swali moja: "Tuambie safari yako." Safari yenyewe ina vituo vinavyojulikana: risasi, usiku, msitu, mpaka, kambi, shukrani. Shukrani ni lazima. Ukimaliza bila kuishukuru Kenya, utaona watu wanakohoa.

Na mtu akileta shairi la mapenzi? Ama kichekesho kuhusu landlord wa Kayole anayekata stima kila Jumapili? Ama stori ya mpwa wake anayelilia Arsenal kila wikendi? Anaambiwa kwa upole, "Ni nzuri sana, lakini haiendani na mada." Yaani mada ni maisha ya mhamiaji, mhamiaji analeta maisha yake, na tunamwambia maisha yake hayaendani na mada. Tulitaka jeraha.

Huyo rafiki yangu aliniambia kitu kimoja sijakisahau. Alisema shairi lake la vita amelisoma mara nyingi mpaka sasa linamtoka mdomoni kama namba ya simu. Watu wakilia, yeye anafikiria kama ataipata matatu ya mwisho. Ana mashairi mengine zaidi ya arobaini kwenye daftari. Hakuna hafla iliyowahi kuyaomba.

Sasa wacha niwakumbushe kitu. Nyinyi nyote mmeuimba wimbo wa "Kasongo." Msijifanye. Mmeucheza kwenye sherehe, mmeupigia kelele barabarani, mmeufanya jina la utani la mkubwa fulani ambaye mnamjua na mimi sitaki mambo mengi. Huo wimbo ni wa Super Mazembe, bendi ya vijana waliotoka Zaire, leo Kongo, wakaja kukaa Nairobi miaka ya 1970. Wahamiaji watupu. Na unaimba nini? Mke anambembeleza mumewe Kasongo arudi nyumbani. Basi. Wimbo wa mapenzi. Hakuna mtu aliyewaambia Mazembe waimbe kuhusu mpaka na senyenge ndipo wapewe stejini. Waliimba walichotaka, wakalipwa kwenye vilabu vya huu mji kama wanamuziki wengine, na karibu miaka 50 baadaye kizazi ambacho hata hakijui Kilingala kimeuchukua huo wimbo kikaufanya wake. Les Mangelepa, iliyoanzishwa hapa Nairobi 1976, ni hadithi hiyo hiyo. Samba Mapangala naye na Virunga yake ni hiyo hiyo. Hivyo ndivyo mgeni anavyoingia kwenye damu ya mji. Anapewa nafasi ya kuimba kuhusu Kasongo.

Kwenye vitabu pia ni hivyo. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaondoka kijana miaka michache baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza kama mkimbizi. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Soma "By the Sea," riwaya yake ya 2001. Mzee anatua Gatwick na kisanduku cha udi, na anajifanya hajui Kiingereza kwa sababu ameshauriwa afanye hivyo. Mzee mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa fanicha, ana akili nyingi, ana siri, ana watu aliogombana nao kuhusu nyumba na deni. Si malaika. Gurnah angempeleka huyo mzee kwenye hafla zetu, wangemwambia akate hiyo ya fanicha aongeze machozi.

Na Warsan Shire je? Alizaliwa hapa Kenya, 1988, wazazi wake Wasomali, akakulia London. Mwandishi mkubwa. Ameandika kuhusu akina mama, miili, ndoa, sala, aibu. Lakini watu wengi wanajua shairi lake moja tu kuhusu kukimbia nyumbani, kwa sababu ndilo linaloingia vizuri kwenye bango. Dunia nzima ina huo ugonjwa, si sisi peke yetu. Ila wa kwetu tunaweza kuutibu hapa hapa.

KISWAHILI KIMEKOSA NINI?

Hii nitaisema nikicheka lakini haichekeshi.

Niliwahi kukaa kwenye ukumbi, mama mmoja kutoka Kongo Mashariki akapanda kuongea. Mama anaongea Kiswahili. Kiswahili chake cha huko, kitamu, "batoto" badala ya watoto, "bintu" badala ya vitu, "aksanti" yenye kupinda mwishoni. Kila mtu mle ndani anaelewa. Watu wanacheka mahali pa kuchekwa. Halafu kila baada ya sentensi mbili anasimamishwa ili MC atafsiri kwa Kiingereza. Kwa nani? Ukumbi umejaa Wakenya! Kulikuwa na wageni kama sita hivi kwenye safu ya mbele. Kwa ajili ya hao sita, stori ya mama ilikatwakatwa kama sukuma wiki.

Katiba ya 2010 imesema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kati yetu na Wakongo wa mashariki, na Warundi wengi, hiyo ndiyo lugha ambayo hakuna mtu anamzidi mwenzake kimo. Kwenye Kiingereza yule mama ni mtu wa kuhurumiwa, anatafsiriwa. Kwenye Kiswahili ni mama anayekuchapa na methali ambayo hujawahi kuisikia. Nani ananufaika tukimhamishia lugha? Si yeye, na si sisi.

Wasomali nao, jo! Hao ni watu wa mashairi kupita kiasi. Hargeisa kuna maonyesho ya kimataifa ya vitabu tangu 2008. Hapa kwetu Eastleigh kuna kituo cha Awjama, kina vitabu na hafla zake. Ukipita kwenye mikahawa ya chai utakuta wazee wanabishana kuhusu beti za shairi la zamani vile wewe unabishana kuhusu offside. Huko sanaa ya uhamiaji inaendelea kila siku bila bango. Lakini hafla "rasmi" inafanywa Westlands, usiku, na mlinzi getini anadai kitambulisho.

Kitambulisho. Tuongee hapo kidogo, kwa sababu wengi wenu hamjui uzito wake. Wewe ukisimamishwa na karau usiku, unaona usumbufu. Mkimbizi akisimamishwa, anaona Kakuma. Watu wa Eastleigh wamekuwa wakisema miaka na miaka kwamba polisi wanawatumia kama ATM. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa mitaani na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Uwanja wa michezo! Hiyo kumbukumbu haijafutika. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa jamii hiyo aje hafla inayoisha saa tatu usiku upande wa pili wa mji, umemwambia achague kati ya sanaa na usalama wake. Asipokuja, unasema "jamii haikujitokeza."

Na wale walioko kambini ndio zaidi. Kutoka Kakuma kuja Nairobi kusoma shairi dakika saba kunataka kibali cha kusafiri. Juni 2018 Kakuma waliandaa TEDx yao, dunia nzima ikatazama, watu wakasema huu ni wakati wa kihistoria. Ulikuwa kweli. Lakini makofi ya intaneti hayakufungua barabara ya Lodwar.

Suluhisho si roketi. Maktaba ya Kaloleni ipo. Maktaba ya Makadara ipo. Kanisa la Wakongo lipo Kayole, lina spika kubwa kuliko za klabu. Fanyeni mchana. Fanyeni Jumamosi. Nyinyi wa Kilimani ndio mpande matatu mara moja, muone kama mtakufa.

KUHUSU USO WA MTU

Nilisema nitaeleza kwa nini simtaji rafiki yangu. Ndiyo hii.

Mtu aliyekimbia amekimbia kitu. Mara nyingine kile kitu kina simu na kina intaneti. Kuna watu ambao ndugu zao bado wako nyumbani, na mtu fulani huko anaweza kutazama vidio, akatambua sura, akaenda kugonga mlango wa mama yake. Sisi tunaopiga vidio tunataka sura, tunataka machozi karibu na kamera, tunataka jina na kijiji. Ndiyo inapata watazamaji. Lakini idhini haitoki kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo mtu anaisaini getini huku watu hamsini wamepanga foleni nyuma yake. Idhini ni kumkalisha mtu, kumweleza kwa lugha yake vidio itaenda wapi, itakaa muda gani, na nani ataifuta akibadilisha mawazo. Asipotaka sura, tupige mikono. Tupige kivuli. Sanaa haijawahi kukosa njia.

HALAFU, MHAMIAJI NI NANI HASA?

Hapa ndipo hizi hafla zinaniudhi kabisa, kwa sababu zinamwonyesha mhamiaji kama mtu wa ajabu aliyetuangukia juzi. Wakenya, hebu tujiangalie.

Reli iliyotuletea Nairobi ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wajukuu wa waliobaki wako hapa, na mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatambuliwa rasmi kama kabila la 44. Hao hawakungoja mtu awaandalie hafla ya kuwalilia. Walianzisha tamasha lao wenyewe, SAMOSA, wakaweka ngoma, historia, siasa na chakula kwenye meza moja, wakaalika majirani. Ukienda pale unamkuta mhamiaji akiwa mwenyeji. Mwangalie anavyosimama, utaona tofauti.

Wamakonde je? Hii inaniuma. Walitoka Msumbiji, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale, vizazi na vizazi. Vinyago vya Kimakonde vimejaa maduka ya watalii, kuanzia Mombasa mpaka uwanja wa ndege. Watu wamejenga nyumba kwa kuuza vinyago hivyo. Lakini Mmakonde mwenyewe wa Kwale hakuwa na kitambulisho. Hangeweza kufungua akaunti, hangeweza kupiga kura, hangeweza kusajili laini. Mpaka Oktoba 2016 wakaamua kutembea kuelekea Nairobi kumwona rais, na 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43. Fikiria hapo: kinyago kilikuwa na pasipoti kabla ya aliyekichonga. Kinyago kilipanda ndege kwenda Ulaya, mchongaji hakuweza kupita kizuizi cha polisi Likoni bila kutetemeka.

Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba "kutambua sanaa yao ni hatua." Tulitambua sanaa ya Wamakonde miaka mingi sana. Tuliipenda, tuliiuza. Watu ndio tulikataa kuwaona.

Na kuna wahamiaji wengine ambao hafla zetu zinawaruka kabisa: Wakenya. Mwaka 2024 pesa zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilikaribia dola bilioni 5. Hela nyingi kuliko tunazopata kwa chai. Kuna mtu Boston anayeitwa "diaspora," anaalikwa mikutano ya uwekezaji. Na kuna dada aliyefanya kazi za nyumbani Riyadh miaka minne, akanyang'anywa pasipoti, akarudi na begi moja. Huyo haitwi diaspora, wala haitwi mkimbizi, haitwi popote. Stori zake ziko kwenye sauti za WhatsApp usiku wa manane na vidio za TikTok zilizopigwa bafuni kwa kunong'ona. Hiyo ni fasihi ya uhamiaji, wasee. Ipo, ni nyingi, na haina usiku wake hata mmoja. Muwekeni dada wa Riyadh na dada wa Bukavu kwenye stejini moja, waongee kuhusu waajiri na makaratasi. Hapo mtu wa Githurai ataelewa uhamiaji bila kuelezwa, kwa sababu binamu yake yuko Jeddah.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema, "Kidogo ni bora kuliko bure." Sawa, lakini kidogo kwa nani? Bajeti si kidogo. Nimeona vile maua yanapangwa mezani. Kidogo ni ile sehemu inayofika stejini.

Mtasema, "Hata wasanii Wakenya hawalipwi." Kweli kabisa! Mshairi wa Dandora pia hulipwa kwa "utajulikana." Ndiyo sababu hii ni vita yetu sote. Wakizoea kutomlipa Mkongo, watakuwa na mtu wa kukuambia wewe, "Mbona mwenzako alikuja bure?" Bei ya chini ya mwenzako ndiyo inakuwa yako.

Kuna wale wengine, najua watakuja: "Hawa wageni wanapewa kila kitu, sisi vijana wa Kenya hatuna kazi." Ndugu yangu, hasira yako naielewa, nami natafuta kazi kama wewe. Lakini nenda ukaone wanapewa nini. Mwaka 2025 chakula cha msaada Kakuma kilipunguzwa mpaka watu wakaandamana. Yule kijana Mrundi anayeuza njugu kwa foleni ya magari hakukunyang'anya ofisi. Aliyekula kazi yako ana gari la serikali na bendera mbele.

Na hilo la misaada kupungua lina somo kwa waandaaji pia. Wafadhili wanaondoka. Serikali nayo Machi 2025 ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Ukifaulu ama usifaulu, ukweli ni kwamba hawa watu ni majirani zetu wa kudumu. Hafla inayosimama kwa hela ya ubalozi italala siku ubalozi utakapobadilisha mada. Hafla ya mtaa, yenye kiingilio cha shilingi mia, inayoendeshwa na wenyewe, hiyo italala nani akiizima?

KWA HIVYO NATAKA NINI

Kila anayepanda stejini alipwe, na alipwe kiwango sawa na Mkenya anayepanda baada yake. Nauli itolewe kabla, taslimu. Nusu ya kamati iwe watu wa jamii inayosimuliwa, wenye uwezo wa kukataa bango la senyenge. Kiswahili kiwe lugha ya ukumbi, na anayehitaji Kiingereza aketi na mkalimani wake pembeni anong'onezwe. Hafla iishe jua likiwaka. Idhini ya kupigwa vidio iombwe kwa lugha ya mtu na iweze kufutwa. Na angalau mara moja kwa mwaka, iandaliwe hafla ya wahamiaji ambapo ni marufuku kumuuliza mtu yeyote kuhusu safari yake. Mapenzi, utani, mapishi, mpira, uchawi, chochote.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo methali haisemi mgeni alie ndio mwenyeji ajisikie vizuri. Inasema mgeni analeta dawa. Sisi ndio wagonjwa hapo. Mji unaojipatia mashairi bure, unaopenda kinyago na kumkwepa mchongaji, una homa.

Kwa hivyo bango lijalo likiingia kwa simu yako, kabla hujanunua tiketi, wapigie uwaulize maswali matatu: Wasanii wanalipwa ngapi? Kamati ina nani? Itakuwa kwa lugha gani? Wakijibu, nenda, na ulete marafiki. Wakianza kukuambia kuhusu "wanufaika," kaa na hiyo hela yako. Kuna usiku mwingine wa mashairi Kayole, ni mchana kwa kweli, saa nane, kiingilio ni mia, na hakuna mtu atakuuliza unatoka wapi.